Mlio wa Jumamosi

Mmeniomba niwaandikie jinsi kundi letu la wasapu la injini za zamani lilivyokuwa likiendeshwa, kwa kuwa macho yangu yameanza kukataa herufi ndogo za simu na kazi hii naiacha kwenu. Mmoja wenu akasema, "Mzee Salimu, tupe tu kanuni, tutazifuata." Kanuni sina, mwanangu. Nina mambo yaliyonipata. Nitayasema yanavyokuja, na mkichoka mtasogeza kwa kidole, najua mnavyofanya.

Kwanza mjue kwamba kazi iliyonizeesha siyo ya simu. Mimi nilikuwa mwendesha mashine ya maji hapa Ilongero. Palikuwa na kisima kirefu, na pembeni yake kijumba cha matofali chenye bati, na ndani injini ya dizeli ya silinda moja yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni. Swichi haikuwepo. Uliiwasha kwa hendeli, unazungusha kwa nguvu zako zote, na ukichelewa kuichomoa hendeli inakurudia, inakuvunja mkono. Ikishawaka, mlio wake ulifika mpaka kwenye mashamba ya alizeti huko nje: tu, tu, tu, tu, taratibu, kama mtu mzima anayetembea bila haraka. Akina mama hawakuwa wanauliza kama maji yapo. Walikuwa wanasikia.

Siku hizi pale pana sola. Maji yanatoka vizuri kuliko zamani na sitaki mtu aseme Salimu anapinga maendeleo. Wajukuu zangu hawaijui foleni ya ndoo, na mimi nafurahi hawaijui. Ila asubuhi ya kwanza baada ya injini kung'olewa niliamka, nikakaa kitandani, nikatega sikio. Mke wangu akauliza, "Unasikiliza nini?"

"Sisikilizi kitu," nikamjibu. Na kweli hapakuwa na kitu cha kusikiliza.

Aliyenifundisha injini aliitwa Petro. Alikuwa kaka kwangu kwa umri, mtu wa Issuna, mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta ameuma fimbo. Ncha moja iko katikati ya meno, ncha nyingine ameigusisha kwenye bodi ya injini inayonguruma, na macho ameyafumba. Nilidhani anaumwa. Halafu nikadhani ni mambo ya kienyeji. Nikacheka. Hakukasirika. Alifuta ile fimbo kwenye shati lake akanipa. "Uma. Funga macho. Halafu uniambie unasikia nini."

Niliuma. Vijana, mlio wote uliingia kichwani kwa njia ya meno. Nikasikia pistoni inapanda na kushuka, nikasikia valvu zinafungwa, na chini kabisa kitu kinachosaga kama mtu anatafuna mchanga. Nikamwambia kuna mchanga. Akasema, "Hiyo ni beringi. Ina mwezi mmoja wa kuishi." Na kweli, haikumaliza mwezi.

Kulikuwa na siku nilisahau kuangalia maji ya kupozea, injini ikachemka mpaka ikagoma. Watu wamepanga ndoo nje, jua kali, na mimi nimeanza kufungua kila nati ninayoiona. Petro akaja, akakaa juu ya tofali. Hakunigombeza. "Salimu," akasema, "mgonjwa anaulizwa anaumwa wapi. Wewe unamwambia." Tukakaa pamoja mpaka injini ikapoa, na wale akina mama wakitutukana kwa Kinyaturu safi kabisa ambacho siwezi kukiandika hapa. Yeye alitulia tu, anafuta mikono.

Tulifanya kazi pamoja mpaka nikawa naijua ile injini kama yeye. Halafu nikapata msiba wa mjomba, nikaenda kuzika. Niliporudi, Petro hayupo. Gari lilipita kuchukua mafundi wa pampu za maji kwa ajili ya machimbo ya dhahabu huko Geita, akapanda. Mlinzi akanipa salamu zake. Hendeli niliikuta imeegemezwa ukutani, imesuguliwa na kupakwa oili. Zamani hizo hakuna simu. Mara mbili alinitumia salamu kwa watu waliokuwa wanapita, halafu salamu zikakatika. Nilikwenda Issuna mara moja kumwulizia. Wazazi wake walikuwa wameshafariki, kiwanja kina magugu, jirani akaniambia Petro ni mtu wa machimboni sasa, huku harudi. Sikwenda kuuliza tena.

Sasa tuje kwenye kundi.

Nilipostaafu, binti yangu Halima, ambaye ni mwalimu Singida mjini, alininunulia simu ya kioo kikubwa. Akanifundisha wasapu. "Baba, kila watu wana grupu lao. La ukoo, la msikitini, la wafugaji wa kuku." Nikamwuliza, la watu wa injini za zamani lipo? Akatafuta, akasema halipo. Nikamwambia, "Basi fungua." Nilimwambia ni kwa ajili ya mazungumzo, nisikae bure. Lakini moyoni nilikuwa na langu. Nilisema mtu aliyependa injini kama Petro, popote alipo, siku moja atakuwa na simu, na siku moja atapita karibu na kundi la namna hii. Ujumbe wangu wa kwanza kabisa kwa wale watu wachache ulikuwa: nani anamjua Petro, fundi wa mashine ya maji ya Ilongero, aliyehamia Geita? Hakuna aliyejibu. Nikaona aibu kurudia. Nikasema nitaliweka kundi wazi tu, asije akafika akakuta mlango umefungwa.

Kuliweka wazi! Hapo ndipo nilipojua kwamba kuwasha injini ni rahisi kuliko kuwafanya watu waongee.

Mwanzoni nilidhani kazi yangu ni kufundisha. Kila asubuhi nilikuwa naandika somo refu. Leo kupozea injini. Kesho kusafisha chujio la dizeli. Halima akanisahihishia herufi. Watu waliweka dole gumba, basi. Siku nyingine hata dole gumba halipo. Kundi likawa kama darasa ambalo wanafunzi wote wametoroka na mwalimu anaendelea kuandika ubaoni.

Halafu siku moja nilikuwa naandika huku nafukuza mbuzi uani, nikasema injini ya dizeli ikikataa kuwaka, hatua ya kwanza angalia plagi. Kwa msiojua, dizeli haina plagi. Plagi ni ya petroli. Hata mtoto wa fundi analijua hilo. Nikaweka simu chini, nikaenda kwa mbuzi. Niliporudi, simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza kama imepata homa. Watu ambao sikuwahi kuwasikia walikuwa wameamka. Wa kwanza alikuwa Gidioni, dereva wa trekta mstaafu wa Kiomboi, Mnyiramba, ambaye tulikuwa hata hatujasalimiana. Aliandika: "Enyi Wanyaturu, mmeanza lini kufunga plagi kwenye dizeli? Mtatuua!" Watu wakacheka, wakaelezana, mmoja akatuma picha ya nozeli yake, ile inayonyunyizia dizeli ndani ya silinda, mwingine akasema yake ni nzuri zaidi, mpaka jioni.

Nilijifunza pale, nanyi jifunzeni. Watu hawaji kwenye kundi kusomeshwa. Wanakuja na kitu wanachokijua na hakuna mtu nyumbani kwao anayetaka kukisikia. Waachieni nafasi. Ulizeni swali dogo, mtu aweze kulijibu amesimama shambani na jembe liko begani. Na ndiyo, baada ya hapo kuna siku nilikosea kwa makusudi. Gidioni alinigundua baadaye, akanipigia simu kunitukana kwa utani, na tangu siku hiyo tumekuwa ndugu.

Huyo huyo Gidioni alikuwa na ugonjwa wa kusambaza. Mara sala ya kutuma kwa watu kumi upate baraka, mara habari ya mwanasiasa fulani. Sikumsema mbele za watu. Mtu mzima ukimsema mbele za watu anatoka, na akitoka harudi. Nilimpigia. "Kaka Gidioni, ile baraka imenifikia mara nne, naona sasa inatosha." Akacheka, akaacha. Akaacha kwa wiki mbili hivi, halafu nikampigia tena.

Msiweke video ndefu. Ninyi wa mjini bando mnalo, lakini kuna mtu anapanda kichuguu atafute mtandao. Sauti ni nyepesi, picha ndogo ni nyepesi. Na mvua zikianza, msihangaike kundi likilala. Watu wako shambani, mtama haumngoji mtu. Mavuno yakiisha wanarudi wenyewe.

Jumamosi ndiyo siku niliyoichagua, kwa sababu Ijumaa wengine tuko msikitini na Jumapili wengine wako kanisani. Kila Jumamosi asubuhi tunaweka mlio mmoja wa injini, na watu wanakisia ni injini gani na inaumwa nini. Aliyetupa mlio mzuri kuliko wote ni Mama Eliza wa Kinampanda. Marehemu mume wake alimwachia mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya silinda moja, pacha kabisa wa ile ya Ilongero. Umeme ulipofika Kinampanda, mtu mwingine akafungua mashine ya umeme ng'ambo ya barabara, wateja wakahama. Mama Eliza hakuing'oa yake. Jumamosi alikuwa anamwita kijana wa jirani amsaidie hendeli, anaiwasha bila kusaga chochote, anaturekodia. Mara ya kwanza niliposikia, nilitoka nje na simu, nikaizunguka nyumba mara kadhaa. Mke wangu hakuniuliza kitu safari hiyo.

Halafu nozeli yake ikafa, ya kubadilisha ikakosekana, na ile injini ikanyamaza. Tukawa tunarudia rekodi zake za zamani. Wanunuzi wa chuma chakavu wakaanza kupita kwake na mzani wao, kila wakipita wanamsalimia vizuri zaidi. Kundi nalo likafifia. Zilipita Jumamosi ambazo wanaojibu ni mimi, Gidioni na Mama Eliza tu.

Ni wakati huo Gidioni aliposema tufagie. "Kuna namba humu hazijawahi kusema hata shikamoo," alisema. "Angalia hii, ina zaidi ya mwaka imekaa tu. Itoe. Huenda ni tapeli." Niliiangalia ile namba. Haina picha, haina jina, ila ilikuwa inafungua kila mlio wa Jumamosi. Nikamwambia Gidioni, anayekaa kimya si lazima awe hayupo. Niliiacha. Nasema kweli, sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa nawaonea huruma watu wa kimya tu, kwa sababu ya mtu niliyekuwa namngoja.

Jumamosi moja hatukuwa na mlio wowote mpya. Nikaona niandike kisa badala yake. Nikaandika kuhusu fundi mmoja aliyekuwa akiisikiliza injini kwa kuuma fimbo, na jinsi nilivyomcheka siku ya kwanza. Jina sikuliandika. Watu wakacheka kidogo, Gidioni akauliza kama fundi huyo alibaki na meno.

Mchana ukaja ujumbe pembeni, nje ya kundi. "Shikamoo baba. Samahani. Huyo fundi wa kuuma fimbo alikuwa anaitwa nani?"

Ilikuwa ile namba ya kimya.

Nikaandika: Petro.

Ikakaa muda mrefu inaonyesha kwamba mtu anaandika, anaacha, anaandika. Halafu: "Wa Issuna?"

Nikapiga simu. Ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni nani, mwanangu?"

"Naitwa Tabitha. Ni mtoto wa Petro."

"Petro yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Amekaa hapa mbele yangu. Ila hasemi. Alipata kiharusi tukiwa Geita, upande wa kulia wote umelala. Nikasema nimrudishe nyumbani. Tupo Issuna mwaka wa pili sasa."

Issuna! Nimemngoja nikiitazama Geita, kumbe yuko Issuna, safari ya asubuhi moja tu kutoka nyumbani kwangu.

Akanieleza kwamba fundi pikipiki pale Issuna ndiye aliyemwingiza kwenye kundi, alipomsikia akilalamika kwamba baba yake hatulii siku nzima mpaka ipite gari kubwa barabarani, ndipo anainua kichwa. Alipomwekea mlio wa Mama Eliza kwa mara ya kwanza, Petro alitulia. Kuna siku alipiga kidole kwenye mkono wa kiti, akiufuata. Tangu hapo kila Jumamosi anamwekea.

"Mbona hukuwahi kuandika hata siku moja?" nikamwuliza.

"Ningeandika nini, baba? Mimi injini sizijui. Nilikuwa nakuja kuchukua mlio nimpelekee, basi, kama mtu anayekuja kuchota maji."

Nilimwambia naja kesho yake. Lakini habari haikai. Nilimwambia Gidioni, na Gidioni hajawahi kuweka kitu tumboni. Saa hiyo hiyo Mama Eliza akanipigia. "Baba Halima, usiende na rekodi. Mtu amesikiliza rekodi mwaka mzima. Injini yangu bado iko hapa, na mimi niko hai. Ngojeni niiwashe, aisikie ikiwa hai."

"Nozeli hatuna, Mama Eliza."

"Ndiyo maana kuna kundi," akasema, na akakata simu.

Hayo mengine mliyaona wenyewe wale mliokuwepo. Mwanachama mmoja wa Dodoma alifungua nozeli kwenye injini yake mwenyewe ya kumbukumbu, akaifunga kwenye kipande cha khanga, akaituma kwa basi. Gidioni akaifuata, akaenda nayo Kinampanda, akakaa kwa Mama Eliza siku nzima ya Ijumaa akisafisha matangi na kulalamika kuhusu ugali wake. Watu waliokuwa wamenyamaza miezi mingi wakaanza kuuliza kila saa: imefika? Imefungwa? Mmekaza vizuri?

Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda mpaka mjini, nikapanda gari la kuelekea Manyoni, nikashuka Issuna. Bodaboda mwingine akanipeleka mpaka uani kwao. Petro alikuwa ameketi nje kwenye kiti chenye mto, amegeukia jua. Nilimtambua kwa mikono. Uso ulikuwa wa mtu mwingine, lakini mikono ile mirefu ilikuwa ya kwake.

"Shikamoo, kaka Petro," nikasema. "Ni Salimu. Wa Ilongero."

Akanitazama. Sikuona kitu machoni mwake, si furaha, si mshangao. Alinitazama kama mtu unayemtazama kwa sababu amesimama kwenye jua lako. Tabitha akaniletea kigoda, nikakaa karibu naye.

Nikampigia Gidioni, nikafungua spika, nikaiweka simu kwenye paja la Petro.

"Tuko tayari!" Gidioni alipiga kelele kama kawaida yake. "Mama Eliza, sogea. Naanza!"

Tukaisikia hendeli inazunguka. Tukasikia Gidioni anahema. Magurudumu yakashika kasi, yakanguruma, kisha yakalegea, kimya. Haikuwaka. Wakajaribu tena. Kimya. Mara ya tatu nikamsikia Mama Eliza akisema, "Pumzika baba, utaangukia hapo nami sina pa kukuweka." Tabitha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, anatazama chini. Nilitamani nikate simu kuliko kumsikilizisha mgonjwa injini iliyokufa.

Ndipo nilipoona mkono wa kushoto wa Petro. Ulikuwa unapigapiga kiti, haraka, kwa hasira. Amekunja uso. Mdomo ukavutika upande mmoja, ukajaribu, ukashindwa, ukajaribu.

"Hewa," akasema.

Tabitha aliweka sinia chini, palepale kwenye vumbi.

"Gidioni!" nikapiga kelele. "Toeni hewa kwenye mpira wa mafuta!"

"Tumeshatoa! Unadhani mimi naanza kazi leo?"

"Toeni tena! Pale juu kabisa, kwenye nozeli!"

"Nani kasema?"

"Petro kasema!"

Kisha Gidioni akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Sawa. Tunafungua."

Wazee wenzangu wanajua alichokisikia Petro. Dizeli ikifika kwenye nozeli bila hewa ndani yake, unapozungusha hendeli nozeli inalia kidogo, krii, krii, kama mlango mkavu. Mimi nilikuwa nasikiliza magurudumu. Yeye alikuwa anasikiliza kile ambacho hakikuwepo. Gidioni alipozungusha tena, ile krii ikaja, nyembamba kabisa, kwenye simu, na Petro akaacha kupiga kiti. Alisubiri. Na injini ikajibu. Tu. Ikatulia. Tu, tu. Halafu ikashika, ikaanza kutembea, na Mama Eliza akapiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka kwenye spika. Majirani wa Tabitha walichungulia juu ya ua kuuliza kuna harusi gani.

Petro hakusema neno jingine. Si siku ile, si baadaye. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na Jumamosi Mama Eliza alimwashia. Alifariki kabla mvua hazijaanza. Tulimzika Issuna, na watu wa kundi walikuja, wengine ndiyo mara yao ya kwanza kuonana uso kwa uso, wakawa wanasalimiana kwa kutajiana injini zao. Jumamosi iliyofuata nilikaa na simu mkononi, sikuandika kitu. Niliyekuwa nimemwekea mlango wazi alikuwa ameshapita. Nilifikiri kulifunga. Ilipofika saa nne, mlio wa Kinampanda ukaingia wenyewe, na chini yake Tabitha, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote, akaandika: "Shikamooni wazazi. Leo inaumwa nini?" Ndiye mliyenaye sasa kwenye kazi hii ya kuliendesha kundi. Mheshimuni. Na kwenye orodha yenu msimfute mtu kwa sababu ya ukimya wake, hamjui nyumbani kwake anamchotea nani.

Kuna jambo mnaniuliza kila tukikutana, kama alinitambua. Tabitha anasema ndiyo, bila shaka yoyote. Mimi sijui. Nitawaeleza nilichokiona siku ile ya kwanza, mwamue wenyewe.

Ilikuwa mchana, injini imeshazimwa, chai imeshanywewa. Bodaboda alikuwa ananisubiri nje ya ua ili niwahi gari la kurudi. Nilisimama, nikaufunika mkono wa Petro kwa mkono wangu, nikamwambia nitarudi. Nikataka kuondoka. Hakuniachia. Ule mkono mzima ulikuwa umenishika kifundo cha mkono, na macho yake yako mbali, kule barabarani. Hakunivuta, hakunitazama. Alishika tu, kwa nguvu ileile ya mtu wa hendeli.

"Baba, mwachie mzee, gari litamwacha," Tabitha akamwambia.

Hakuachia. Bodaboda akapiga honi, akapiga tena.

Nikamwambia Tabitha amwambie yule kijana aende zake. Nikavuta kigoda kwa mguu, nikakaa.